Picha ya shorobo ni ushahidi, si pambo

Wapo waungwana wanaoamini kwamba kumtafuta ndege msituni ili kumpiga picha ni shughuli ya watalii, watu wenye fedha za kuchezea na wakati wa kupoteza. Kauli hii nimeisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, na aghalabu hutolewa kwa kicheko, kana kwamba haihitaji kujibiwa. Leo naomba kuijibu. Naamini kwamba mwanafunzi wa Embu aliyepiga picha moja ya kweli ya ndege wa msitu wa kwao, akaandika chini yake siku, saa na mahali, amejifunza jambo ambalo vitabu vingi vya sayansi hulitaja tu pasipo kulifundisha. Amejifunza kutoa ushahidi.

Nitachagua ndege mmoja ili hoja yangu isielee hewani. Ni ndege wa jamii ya shorobo, yule ambaye wanasayansi humwita Tauraco hartlaubi. Makao yake ni misitu ya nyanda za juu za Kenya, sehemu za kaskazini mwa Tanzania, na Mlima Elgon mpakani mwa Uganda. Kwetu Embu huonekana katika msitu unaoshuka kutoka Mlima Kenya, upande wa Irangi, juu ya mashamba ya majani chai ya Kianjokoma. Jamii nzima ya shorobo haipatikani porini popote duniani ila Afrika. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anapomwona ndege huyu, anaona kitu ambacho mwenzake wa Ulaya au wa Asia hana budi kupanda ndege ya abiria ili akione.

Shorobo huyu ana urefu wa sentimita 43 hivi, mkia ukiwemo. Kichwani ana shungi la mviringo lenye weusi wa samawati. Mbele ya jicho lake pana doa jeupe, na chini ya jicho pana mstari mweupe, kama kwamba mtu alimpaka chokaa kwa ncha ya kidole. Ngozi inayolizunguka jicho ni nyekundu. Kifua ni cha kijani, mgongo na mkia ni wa samawati inayoelekea zambarau. Akiwa ametulia tawini, hayo ndiyo yote utakayoyaona. Lakini akiruka, mabawa yakafunguka, hutokea wekundu mkali wa damu uliokuwa umefichwa, mfano wa mtu aliyevaa koti la kiasi kumbe bitana yake ni hariri nyekundu.

Waswahili husema kizuri chajiuza. Huyu ni mzuri asiyejiuza hata kidogo. Wekundu wake hauonekani ila kwa muda wa kupepesa macho, kutoka mti mmoja hadi mwingine, kisha mabawa hufungwa na ndege anageuka kuwa jani miongoni mwa majani.

Rangi hizo zina kisa ambacho mwalimu wa kemia atakipenda. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza, Arthur Herbert Church, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wekundu wa manyoya ya shorobo. Alikuta kwamba rangi hiyo, aliyoiita turasini, ina shaba ndani yake. Naam, shaba ile ile ya nyaya za umeme. Ndege hula matunda, matunda yana chembe ndogo sana za shaba zilizotoka udongoni, na mwili wake huzikusanya kidogo kidogo mpaka bawa linaiva. Haba na haba hujaza kibaba. Turasini huyeyuka katika maji yenye alkali, ya namna ya maji ya sabuni.

Kijani chake nacho ni cha ajabu. Kijani cha kasuku wengi si rangi ya kijani hasa: ni rangi ya manjano inayochanganyika na samawati itokanayo na jinsi unyoya unavyouvunja mwanga. Shorobo ana rangi ya kijani ya kweli, turakoverdini, ambayo ni nadra mno katika ulimwengu wa ndege. Mwanafunzi anayemtazama tawini, kwa hiyo, anatazama kemia, jiografia ya udongo na biolojia kwa pamoja.

Jina lake la kisayansi pia ni somo la historia. Lilitolewa mwaka 1884 na Wajerumani wawili, Fischer na Reichenow, kwa heshima ya Gustav Hartlaub, mtaalamu wa ndege wa mji wa Bremen. Gustav Fischer mwenyewe alikuwa msafiri aliyepita nchi ya Wamaasai katika miaka ya 1882 na 1883, na jina lake limebaki kwa shorobo mwingine, yule wa misitu ya pwani yetu na Unguja. Bila shaka ndege hawa walikuwa na majina kabla Fischer hajazaliwa. Wazee wa Embu, wa Meru na wa Pwani walikuwa wakiwaita kila asubuhi. Tofauti ni kwamba Fischer na Reichenow waliandika, na kuandika ndiko kulikobaki. Hapo ndipo ninapotaka msomaji anifuate.

Kwanza tukubali kwamba kumpiga picha ndege huyu ni kazi. Miguu yake imeumbwa kwa namna ya pekee: kidole kimoja cha nje chaweza kugeuzwa mbele au nyuma, na kwa sababu hiyo shorobo hukimbia juu ya matawi kama kindi badala ya kuruka. Kuruka kwenyewe si hodari. Hukaa juu kabisa, mahali majani yalipo mazito. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona, kwa mlio mkavu, wa kukwaruza, unaorudiwa rudiwa, ambao haufanani hata kidogo na uzuri wa mwenyewe.

Halafu kuna suala la mwanga. Chini ya miti mikubwa ya msitu wa mlimani, saa mbili asubuhi ni kama magharibi. Mpiga picha akiruhusu mwanga wa kutosha kuingia, kamera hukawia kufunga jicho lake na ndege hutoka kama moshi. Akiiharakisha kamera, picha huwa nyeusi. Na ndege akikaa juu na mbingu nyeupe nyuma yake, kamera hudanganywa na weupe huo, ikapunguza mwanga, na shorobo mwenye rangi nne akatoka mweusi tititi kama kunguru. Dawa ni kuiamuru kamera iongeze mwanga, au kusogea mpaka nyuma ya ndege pawe na majani badala ya mbingu. Asiye na kamera kubwa aweza kuiweka simu kwenye jicho la darubini na kujaribu bahati yake. Lakini hakuna chombo, kiwe cha bei gani, kinachoweza kushika nafasi ya subira.

Niliona jambo hili kwa macho yangu katika likizo moja ya Agosti, nilipokwenda Irangi na wanafunzi saba wa kidato cha pili. Agosti kwetu ni mwezi wa ukungu na baridi. Tulikuwa na askari wa msitu wa kutuongoza, mtu wa makamo aliyezungumza kidogo na kutembea polepole. Tuliwapita mbega waliokuwa wamejikunyata kwa baridi, tukavuka kijito, tukafika penye mugumo uliokuwa umezaa. Askari akainua mkono. Tukasikia ule mlio mkavu. Baada ya kutafuta kwa darubini kwa muda mrefu, msichana mmoja aliona doa jeupe la uso, na kutokana na doa hilo tukalipata shungi, kisha kifua, kisha ndege mzima. Kumbe walikuwa wawili.

Shorobo hao hawakuwa na haraka. Walikula matunda, wakanyamaza, wakala tena. Kila mmoja wetu alikuwa amesoma habari za mabawa mekundu na kila mmoja alitaka kuyaona. Dakika zikapita, vidole vikafa ganzi. Kijana mmoja akainama, akaokota kijiwe.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hebu nilitupie lile tawi. Si yeye, tawi tu. Akiruka utapata yale mekundu."

Kabla sijajibu, askari alikwisha kugeuka. "Kijana wangu," akamwambia kwa upole, "ukimrusha kwa jiwe utapata picha ya ndege anayekukimbia wewe. Mwache. Njaa yake itamrusha."

"Na isipomrusha, mzee?"

"Basi leo hukuandikiwa. Utarudi."

Kijiwe kikarudi chini. Ilituchukua yapata nusu saa nyingine. Mmoja wa ndege wale akakimbia hadi mwisho wa tawi, akapima, akajirusha hewani kuelekea mti wa pili. Nilibonyeza kamera. Picha iliyotoka haitashinda tuzo lolote: kichwa kina ukungu, jani limekata nusu ya mkia. Lakini bawa la kulia liko wazi, na wekundu wake hauwezi kukosewa na mtu yeyote.

Wanafunzi waligawanyika. Baadhi waliona kwamba picha mbaya kama ile haifai kuhifadhiwa. Niliwaambia kwamba swali si kama picha ni nzuri, swali ni kama inasema kweli. Tukaketi juu ya gogo, tukaandika: tarehe, saa, mahali, aina ya mti, hali ya hewa. Tulipofika kwenye idadi, kijana mmoja alitaka tuandike shorobo wanne, kwa kuwa alikuwa amesikia milio kutoka pande nyingine. Wenzake walimhoji kama mawakili. Je, una hakika si wale wale wawili waliohama? Hakuwa na hakika. Tukaandika kwamba tuliona wawili na tulisikia milio zaidi. Nathubutu kusema kwamba hoja ile ya dakika tano, iliyoendeshwa na watoto wa miaka kumi na mitano kwa meno yanayogongana, ilikuwa somo bora la sayansi kuliko nililowahi kulitoa ubaoni.

Labda msomaji atauliza: ya nini ukali wote huo? Wawili au wanne, ina tofauti gani? Nitajibu kwa kisa cha mtu aliyewahi kuishi jirani na nchi yetu.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, afisa mmoja wa jeshi la King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, alihudumu Fort Hall, mji tunaouita leo Murang'a, na Nyeri. Ilikuwa miaka ile ambapo nchi za kuuzunguka Mlima Kenya zilikuwa zikitiwa chini ya utawala wa Waingereza kwa mtutu wa bunduki. Embu yenyewe ilitekwa mwaka 1906. Meinertzhagen alikuwa na bunduki mkononi na ndege moyoni. Nguruwe mkubwa wa msituni, ambaye hadi leo anaishi katika misitu ya Mlima Kenya, anabeba jina la afisa huyo katika lugha ya sayansi tangu mwaka 1904. Baadaye alikusanya maelfu ya ngozi za ndege, akaandika vitabu, akaheshimiwa kama mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya ndege. Alifariki mwaka 1967 akiwa na sifa tele.

Kumbe sehemu ya hazina ile ilikuwa ya wizi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuzichunguza ngozi zake moja moja: jinsi zilivyoshonwa, pamba iliyotiwa ndani, namna miguu ilivyofungwa. Waligundua kwamba nyingi zilikuwa zimekusanywa na watu wengine, zikaibwa kutoka makumbusho, kisha zikabandikwa vipande vipya vya karatasi vyenye tarehe na mahali pa uongo.

Athari ya uongo huo haikuwa ndogo. Katika India ya kati kuna bundi mdogo wa msituni ambaye tangu mwaka 1884 hakuna aliyemwona tena kwa uhakika. Meinertzhagen alidai kwamba alimpata mwaka 1914 mahali fulani katika Gujarat. Watu wakapoteza nguvu zao kwa kumtafuta mahali ambapo hakuwapo. Mtaalamu Mmarekani, Pamela Rasmussen, alipotambua kwamba ngozi ile ilikuwa ya wizi, aliutupilia mbali ushahidi wa uongo na kufuata maandishi ya kweli ya watu wa karne ya kumi na tisa. Mwezi wa Novemba mwaka 1997, yeye na wenzake walimkuta bundi yule akiwa hai katika jimbo la Maharashtra. Miaka 113 ilikuwa imepita.

Jambo la kusikitisha zaidi ni hili: Meinertzhagen alikuwa na ujuzi wa kweli, na mengi aliyoyaona aliyaona kweli. Lakini leo hata yaliyo kweli hayaaminiwi mpaka yathibitishwe na mwingine. Ndiyo desturi ya uongo. Ukitiwa katika mtungi mmoja wa maji, hakuna anayetaka kunywa hata maji safi. Mwanafunzi anayeandika wanne ilhali ameona wawili hajaiba ngozi ya makumbusho, la hasha, lakini ameshika njia ile ile, na ni kazi ya mwalimu kumrudisha angali karibu.

Basi picha ya kweli yaweza kufanya nini? Yaweza kuuokoa msitu. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Mwaka 1997 Mlima Kenya ulitangazwa kuwa sehemu ya urithi wa dunia, lakini chini ya tangazo hilo misumeno ilikuwa ikinguruma. Miti ya kafuri, mierezi na mizeituni ya porini ilikuwa ikiangushwa usiku na mchana, makaa yakichomwa, bangi ikilimwa kati ya miti. Kila mtu wa vijiji vya kandokando alijua, na kila aliyesema aliambiwa kwamba anavumisha. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilirusha eropleni ndogo juu ya msitu, likaona na kupiga picha, likaweka kila kisiki, kila tanuri la makaa na kila shamba la bangi katika ramani. Miti iliyohesabiwa kuwa imekatwa ilikuwa maelfu kwa maelfu.

Uvumi ulikuwa umegeuka ushahidi. Mwaka 2000 msitu ukawekwa chini ya usimamizi wa KWS, na uchunguzi uliorudiwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ukataji ule ulikuwa umepungua sana. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2012 umekuwa ukijengwa uzio wa umeme kuuzunguka mlima. Yote hayo yalihitaji fedha, sheria na watu jasiri, lakini yalianza kwa watu waliotazama chini kutoka angani na kuandika walichokiona, mahali walipokiona.

Na shorobo anahusika vipi na msitu? Anahusika kama mkulima anavyohusika na shamba. Hula tunda, mbegu hupita tumboni mwake, na huidondosha mbali na mti mama. Miti mingi ya msitu wa mlimani haina njia nyingine ya kusafiri ila matumbo ya ndege na nyani. Ondoa walao matunda, na msitu utabaki wa wazee wasio na wajukuu. Ukiondoka msitu, hatutaulizana tena juu ya rangi za ndege. Tutaulizana juu ya maji ya Rupingazi na Thuci, juu ya mto Tana unaopokea maji hayo, na juu ya umeme wa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Taa inayomwangazia mwanafunzi wa Nairobi akisoma usiku ina deni, japo dogo, kwa ndege asiyemjua.

Kwa kuwa nimewahimiza vijana kwenda msituni, ni wajibu wangu kutaja adabu za huko. Usimkaribie ndege aliye kiotani, na usikate hata kijitawi ili kumwona vizuri zaidi, maana jani ulilolikata lilikuwa likiwakinga makinda na jua na kipanga. Usimwite kwa sauti iliyorekodiwa ukairudia rudia. Hudhani kwamba mpinzani amevamia himaya yake, akaacha kula na kulea ili apigane na simu yako. Usiokote unyoya ukauweka mfukoni hata kama umeanguka wenyewe: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inauhesabu unyoya kuwa nyara, na kuwa nao bila kibali ni kosa. Katika ufalme wa Eswatini manyoya mekundu ya shorobo wa huko ni alama ya ukoo wa kifalme, na kila watu wana mila zao. Kwetu Kenya, uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977, taifa liliamua kwamba kinachotoka porini ni kile kiingiacho machoni. Usiende peke yako. Pitia kituo cha msitu, uombe ruhusa, uandamane na ajuaye njia, kwani nyati na ndovu hawasomi makala za magazeti.

Najua kauli itakayofuata: shule zetu hazina kamera, hazina darubini, na mtihani hauulizi habari za shorobo. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya kilianzishwa mwaka 1968, na walioanzisha walikuwa wanafunzi. Hawakungoja kukamilishiwa vifaa. Tangu mwaka 2013 uko mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi yote katika miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, na humpokea raia yeyote aliye tayari kutembea katika mraba wake kwa muda wa saa mbili au zaidi akiorodhesha kwa uaminifu kila ndege amwonaye au amsikiaye. Haudai shahada wala kamera. Orodha yaweza kutoka uwanja wa shule ya Runyenjes, kingo za mto huko Siakago, au nyuma ya kiwanda cha majani chai cha Mungania. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Lewis na Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya. Tukiweka kumbukumbu za leo kando ya atlasi ile, tunaweza kujua ni ndege gani amehama, ni nani amepungua, na ni wapi pa kuuliza kwa nini. Mraba usio na orodha ni mraba ulio kimya, na ukimya huo humfaa mwenye msumeno.

Ama kuhusu mtihani, mtaala wa umilisi unadai kazi za mradi, na wazazi wengi hulalamika kwamba miradi hiyo imekuwa ya kununua karatasi za rangi na gundi madukani. Huu hapa mradi usionunuliwa. Mwalimu wa Kiswahili awatake wanafunzi waandike walichokiona pasipo kuongeza chumvi. Mwalimu wa jiografia awafundishe kulipata eneo katika ramani. Mwalimu wa kemia aeleze shaba ya bawa. Na kila mwanafunzi, arudipo nyumbani, amwulize babu au nyanya jina la ndege huyo katika Kiembu, Kimbeere, Kimeru au Kikamba, aliandike kando ya lile la Fischer, kabla aliye nalo hajaondoka nalo.

Vijana wetu wengi bado wanamjua ndege kwa manati. Siwalaumu, maana manati hudai shabaha, na shabaha ni ujuzi. Ninachoomba ni kwamba jicho hilo hilo lenye shabaha lipewe kazi nyingine. Alengaye kwa manati huthibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba ndege alikuwapo. Anayetazama, akapiga picha, akaandika siku na mahali, huwathibitishia wengine kwamba yupo, na huwapa sababu ya kwenda kumtazama na nguvu ya kuuliza siku akikosekana.

Muhula ujao, basi, mwalimu mwenzangu, kabla ya kengele ya kwanza, watoe wanafunzi wako nje kwa nusu saa na daftari moja. Waandike ndege waliomwona, na wasiandike hata mmoja zaidi.